Sumaku ya Mjomba Mafuru

Niliulizia pikapu Makoroboi,
kijana wa duka akanitoa hadi barabarani
akanionyesha Hailaksi nyeupe:
"Hii hapa, tani moja, inafika Magu na kurudi."
Nikacheka. Yangu inakaa kiganjani,
mzigo wake ni sauti tu.
Zilikuja mbili, wiki ya tatu, kwa basi la kutoka Dar,
ndani ya boksi la sabuni, zimeviringishwa gazeti.

Leo Jumapili. Nyumba yetu ya Igogo imeegemea jiwe,
na jiwe limetunza joto la mchana kama chungu.
Nimetandika khanga mezani, nikalilaza gitaa chali,
nikalegeza nyuzi moja moja;
ziliguna, zikajikunja kama ndevu za kambare.

Siku aliyoniachia, Mjomba Mafuru aliapa:
"Tangu nilinunue, bisibisi haijaligusa."

Skrubu nane. Ya saba imeshikwa na kutu,
nikaidondoshea mafuta ya cherehani.
Nikainua bamba.

Ndani:
vumbi la ukumbi ambao sasa ni ghala la dagaa,
njiti ya kiberiti,
waya uliofungwa kwa plasta ya kidonda,
na kuzunguka shimo lote, kwa gundi ya viatu,
karatasi za fedha za pakiti za sigara,
zimelainishwa kwa ukucha, hazina hata kunyanzi moja,
ili mvumo wa taa usijipenyeze kwenye muziki.
Mjomba, ambaye hakuwahi kuvuta!
Aliziokota wapi? Chini ya viti,
alfajiri, wacheza dansi wakishaondoka?

Uongo gani huu, wenye kazi safi namna hii.

Nikachomeka chuma cha kulehemu.
Risasi ilipoanza tu kulainika
umeme ukakatika, na mlima mzima
ukasema "Aaa!" kwa koo moja.
Basi, msumari wa inchi sita kwenye jiko la mkaa,
koleo mkononi, tochi ya simu mdomoni:
nyeupe kwenye swichi, nyeusi mgongoni mwa nobu.
Moshi wake una harufu ya ubani.
Kidole cha shahada kimepata alama yake.

Saa tano usiku taa zikarudi.
Nikajaribu ya shingoni: nene, uji wa ulezi.
Nikajaribu ya chini: kali, ndimu kwenye sato.
Nikaziwasha pamoja,
sauti ikakonda, ikawa mtu anayeongea ndani ya debe.

Nilikaa nikiitazama swichi.
Kumbe nimeiunga moja kinyume:
hii ikipanda, ile inashuka,
zinafutana, kila moja ikidhani inaimba.
Nimewahi kuona ndoa ya hivyo.
Nikafungua tena. Nikageuza waya mbili tu.

Chumba cha pili cherehani ilikuwa inakwenda,
sare za shule, Jumatatu iko mlangoni.
Nilipopiga, ikasimama.
Mkaza mjomba akatokea na tepu shingoni,
akasikiliza mpaka mlio wa mwisho ukaisha kabisa.
"Siye yeye," akasema.
Kisha: "Endelea."

Niliendelea. Akavuta kigoda.
"Zile karatasi za ndani, umezitoa?"
"Hapana."
"Vizuri. Zilinimaliza ukucha."

Zile pikapu za zamani nilikuwa nimeziweka kando,
sijui za kutupa, sijui za kutunza.
Bi Nyanjura akachukua moja, akaigeuza,
akainama, akaipitisha chini ya meza yake ya kushonea,
polepole, pembe hadi pembe,
ikatoka na pini kumi na moja
na sindano aliyoitafuta tangu Pasaka.